Daftari la Wenye Haja

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, katika darasa zetu tumeulizwa mara nyingi suala lililozuka mwaka 2020, yalipoingia nchini maradhi ya korona. Serikali ya kaunti inapotoa mali ya dharura kuwasaidia raia, ni nani anayestahiki kupewa, na mgawaji amche Mungu katika jambo gani khasa?

Tukumbuke hali ilivyokuwa. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa hapa Kenya tarehe 13 Machi 2020. Kabla mwezi huo haujesha misikiti ilifungwa na watu wakakatazwa kutoka usiku. Mapema Aprili zikazuiliwa njia za kuingia na kutoka Mombasa, Kilifi na Kwale. Mwezi wa Mei, ndani ya Ramadhani ya mwaka 1441, Mji wa Kale wa Mombasa nao ukafungwa peke yake. Kibarua, mtumishi wa hoteli, mwenye tuktuk, mama anayeuza mahamri na mbaazi alfajiri, hawa wote hula jioni walichochuma mchana. Na mchana ule haukuwa na chumo. Mwalimu wa madrasa naye, ambaye mshahara wake ni ada za watoto, alikaa nyumbani bila watoto na bila ada.

La kwanza tulijue jinsi ya mali yenyewe. Mali ya kaunti si zaka. Zaka ina mafungu yake manane yaliyotajwa katika Sura ya Tawba, na hakuna mwenye mamlaka ya kuyazidisha. Mali ya kaunti imetokana na kodi na ushuru wa watu wote, Muislamu na asiyekuwa Muislamu, mwenyeji wa miji na mgeni aliyekuja kutafuta kazi. Basi imamu aliyeombwa na kaunti aandike majina ya mtaa wake, kisha akaandika wanaosali nyuma yake tu, amedhulumu, hata kama kila aliyemwandika ni fakiri. Wala hana hoja mjumbe wa kamati anayejikatia fungu akasema kwamba yeye ni "amili". Fungu la amili limo katika zaka, na mali hii siyo.

Sheria ya nchi nayo imeweka mipaka. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 imeruhusu kaunti kuweka mfuko wa dharura kwa idhini ya baraza lake, na malipo ya mwaka mmoja kutoka mfuko huo yasipite asilimia 2 ya mapato ya kaunti yaliyokaguliwa ya mwaka uliotangulia. Ikishalipa, idhini ya baraza itakiwe ndani ya miezi miwili. Basi raia anayekwenda kumuuliza mwakilishi wa wadi yake, "Hesabu ile mliiona?" hafanyi fitina. Anauliza jambo ambalo sheria imemkabidhi mwakilishi huyo.

Sasa tutazame kwa nini kuchagua hakuepukiki. Katika sensa ya mwaka 2019 kaunti ya Mombasa ilihesabiwa nyumba 378,422. Tuseme, kwa mfano tu, kaunti imepata shilingi milioni 100 za msaada. Ukizigawa sawasawa, kila nyumba haifiki shilingi 265, nazo hazilishi watoto siku mbili. Ukizipa nyumba moja katika kila kumi, kila moja itapata zaidi ya shilingi 2,600, na hapo pana chakula cha siku kadhaa. Kugawa sawasawa kunapendeza machoni na hakumchukizi mtu, na kwa sababu hiyo wanasiasa hukupenda. Lakini katika njaa huko ni kumnyima mwenye njaa ili kumridhisha aliyeshiba.

Ikiwa ni lazima kuchagua, basi amana yote imo katika daftari. Watu hudhani mali imegawanywa siku gunia linapofika mtaani. Sivyo. Imegawanywa siku majina yalipoandikwa, chumbani, mbele ya watu watatu au wanne.

Na katika jambo hili tunaye mwalimu. Mwaka wa 18 wa Hijra, yaani mwaka 639 wa miladi, Bara Arabu ilishikwa na ukame mkali hata mwaka ule ukaitwa Mwaka wa Majivu. Na katika mwaka huohuo tauni ya Amwasi iliwaua watu wengi katika nchi ya Shamu, miongoni mwao Abu Ubayda. Mabedui walimiminika Madina. Sayyidna Umar bin Al-Khattab, Mungu amridhie, aliagiza chakula kutoka majimboni, akaweka watu wa kusimamia kila upande wa mji, na kila jioni walikutana naye wakamweleza yaliyopita katika pande zao. Kila jioni, ndugu zetu, si baada ya mwaka mkaguzi akija.

Ibn Saad amepokea kwamba usiku mmoja, watu walipokwisha kula, Umar aliamrisha wahesabiwe waliokula mezani pake. Wakapatikana 7,000. Mtu mwingine angeridhika hapo. Yeye akaamrisha wahesabiwe na wale wasiokuja: aila zilizobaki, wagonjwa na watoto. Wakapatikana 40,000. Baada ya siku chache akahesabu tena, kwa kuwa watu walikuwa wameongezeka, na wote wawili, wanaokuja na wasiokuja, walikuwa wamezidi.

Tulizingatie hilo. Kwa kila mmoja aliyefika mezani, walikuwako zaidi ya watano wasiofika. Mwenye kutegemea foleni basi hana daftari. Nairobi, tarehe 10 Aprili 2020, watu walikanyagana Kibera wakigombania chakula cha msaada, wakaumia. Katika foleni ya namna ile kikongwe atapata nini? Na mgonjwa aliyelala? Na mjane aliye edani? Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba maskini wa kweli si yule azungukaye akirudishwa kwa tonge mbili. Ni yule asiyekuwa na cha kumtosha, wala watu hawamtambui wakampa, wala yeye haombi. Katika miji yetu ya pwani watu hawa ni wengi. Utamwona mtu kanzu yake imepigwa pasi na mlango wake umefungwa, na ndani hapajawashwa moto tangu jana.

Kwa hivyo daftari liandikwe nyumba kwa nyumba, na miongoni mwa waandikaji awemo mwanamke, maana mlango ule atafunguliwa yeye. Mwandikaji asiandike jamaa zake. Jina la ndugu yake lipimwe na mwenziwe. Daftari lirudiwe kila baada ya wiki chache, kwa kuwa aliyekuwa na akiba mwezi wa kwanza huenda hana mwezi wa pili.

Wengine husema majina yabandikwe ukutani ili kuondoa shaka. Sisi hatuoni hivyo. Kinachopasa kubandikwa ni hesabu: mtaa huu umepewa kiasi gani, nyumba ngapi, kwa sifa zipi, na aliyeachwa apeleke wapi malalamiko yake. Jina la fakiri ni stara yake. Hesabu ya mali ni haki ya watu wote. Mambo haya mawili yamechanganywa mno: majina yakatangazwa na hesabu ikafichwa.

Na kubaya zaidi ni zile picha. Mkubwa amesimama, mama ameinamishwa chini ya kifuko cha unga, na jina la mkubwa limeandikwa juu ya kifuko. Qur'ani imetukataza kuzibatilisha sadaka zetu kwa masimango na maudhi, na hiyo ni katika mali ya mtu mwenyewe. Huyu anamsimanga mama yule kwa mali ambayo yeye mama ameichangia kila alipolipa ushuru wa soko.

Limebaki suala la walimu wa madrasa, waliotuuliza kama yafaa waandikwe na hali wao ndio wanaoombwa na kamati kuandika. Yafaa, ikiwa wana haja. Mwalimu aieleze kamati hali yake waziwazi, jina lake liandikwe na mtu mwingine, na fungu lake lisizidi la jirani yake mwenye watoto sawa na wake.