Mji wa Shaba na Watu Wake: Nani Mgeni, Nani Mwenyeji?

Mtu akifika Lubumbashi huonyeshwa kwanza vitu viwili vilivyosimama pamoja: dohani refu la kiwanda cha shaba, na mlima mweusi kando yake. Mlima ule haukuumbwa pamoja na nchi. Ni mabaki ya mawe yaliyoyeyushwa humo miaka mingi, na sehemu yake imekwisha kuondolewa ili kutafuta kobalti iliyosalia ndani. Waliourundika walikuwa watu wa makabila mengi, wengi wao wametoka mbali. Somo hili laeleza walitoka wapi, na kwa nini watu waliochota maji katika bomba moja walikuja kufukuzana.

Yapasa kuanza kabla ya reli. Shaba, ambayo wenyeji huiita mukuba, iliyeyushwa katika nchi hii karne nyingi kabla ya kuja Wazungu. Mafundi waliimimina katika kalibu, ikawa vipande vyenye umbo la msalaba, na vipande hivyo vilitumika kama fedha, hata katika kulipa mahari. Wengine wakiiona misalaba hiyo hudhani ililetwa na wamisionari. Sivyo. Imechimbuliwa katika makaburi ya zamani sana huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, ya watu ambao hawakupata kusikia habari za mmisionari yeyote.

Shaba hiyo ndiyo iliyowavuta wageni wa kwanza. Kutoka Unyamwezi, katika nchi iitwayo leo Tanzania, alikuja mfanya biashara jina lake Kalasa. Mwanawe, Msiri, hakurudi kwao. Katikati ya karne ya 19 alikaa, akafanya urafiki na watemi wa nchi, akawashinda baadhi yao, mwishowe akawa mfalme mwenye mji mkuu wake Bunkeya. Watu wake huitwa Wayeke. Bunkeya ilikutanisha wafanya biashara wa pwani ya mashariki na wa Angola, na humo viliuzwa shaba, chumvi na pembe za ndovu. Watu pia waliuzwa, nalo halifai kufichwa. Kodi zake zilikuwa nzito, na mwaka 1891 Wasanga walikuwa wamekwisha kumwasi. Mwaka huohuo ukaja msafara wa Kapiteni Stairs, uliotumwa kwa ajili ya Leopold II, mfalme wa Wabelgiji, pamoja na wapagazi kutoka Zanzibar. Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri alipigwa risasi na afisa Bodson, naye Bodson akauawa hapohapo. Mkumbukeni Msiri, kwa maana jina lake litarudi mbele.

Mwaka 1906 ilianzishwa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga. Mwaka 1910 reli kutoka kusini ilifika, na mji ukaanzishwa, ukaitwa Elisabethville kwa jina la malkia wa Ubelgiji. Mwaka 1911 shaba ya kwanza ikatoka kiwandani. Lakini nani wa kufanya kazi? Wenyeji wa karibu, Walamba na Wasanga, walikuwa wachache, tena hawakuona sababu ya kuacha mashamba yao na kuingia shimoni. Basi kampuni ikatafuta watu Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Baadaye Kasai, hata Ruanda na Urundi. Mwanzoni waliletwa wanaume peke yao kwa mkataba mfupi. Wengi waliugua na kufa, wengine walitoroka. Kuanzia miaka ya 1920 na kitu kampuni ikabadili shauri lake: mfanya kazi aje na mkewe, apewe nyumba kambini, watoto wake wasome na kutibiwa. Haikuwa huruma tupu. Mtu mwenye jamaa yake hukaa, naye aliyekaa hujua kazi.

Hivyo katika kambi moja walikutana Mluba, Mbemba, Mlunda, Mtetela na Mnyarwanda. Lugha ipi wasemezane? Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuingia kwa njia ya misafara, na mabwana wa kazi na mashule wakakitumia. Watoto waliozaliwa kambini wakakifanya lugha ya nyumbani, wakachanganya ndani yake maneno ya Kiluba, ya Kibemba na ya Kifaransa. Watu wa Unguja wakikisikia hucheka kidogo. Na wacheke, kwa lugha hiyo mama wa Kasai na mama wa Luapula waliweza kukopeshana chumvi.

Tena walijifunza kusimama pamoja. Wakati wa vita vya pili vya dunia kazi iliongezwa na bei za vitu zikapanda, lakini mshahara haukutosha. Desemba 1941 wafanya kazi waligoma. Tarehe 9 walikusanyika katika kiwanja cha mpira cha Elisabethville, na askari wakawapiga risasi. Waliokufa walikuwa makumi, na risasi haikuwauliza kabila.

Basi, iliwezekanaje watu hao kugawanyika? Sababu ya kwanza ilikuwa mkate. Watu wengi wa Kasai walikuwa wamesoma mapema, wakawa makarani na wasimamizi, na wenyeji wakaona wamepitwa katika nchi yao. Sababu ya pili ilikuwa utawala, ambao kwa muda mrefu ulimwandika kila mtu kwa kabila lake na asili yake. Desemba 1957 ulifanyika uchaguzi wa kwanza wa mji, na uongozi wa mitaa ya Waafrika ukaangukia watu waliotoka nje ya Katanga. Wakati huohuo bei ya shaba ilishuka na kazi zikapungua. Mwaka 1958 kikaundwa chama cha Conakat, kilichosema Katanga ni ya Wakatanga wa kweli.

Hapa jina la Msiri larudi. Godefroid Munongo, mmoja wa wakuu wa chama hicho, alikuwa mjukuu wa Msiri. Jamaa iliyotoka Unyamwezi miaka mia hivi iliyotangulia ilikuwa imekwisha kuwa ya wenyeji, na jamaa iliyoletwa na reli kutoka Kasai ilikuwa ya wageni. Ni nani aliyeupima muda huo?

Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga na Kongo. Januari 17 mwaka uliofuata Patrice Lumumba aliletwa Elisabethville, akauawa karibu na mji usiku uleule. Kaskazini vijiji vya Waluba vilichomwa. Mjini, mwaka 1961, makumi ya maelfu ya Waluba walikimbilia kambi iliyolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa, wakalala chini ya matambara na mabati. Kujitenga kulikoma Januari 1963.

Mwaka 1966 mji uliitwa Lubumbashi, kwa jina la mto wake. Mwaka 1967 serikali ikatwaa migodi. Majina yalibadilika, kidonda kikabaki. Mwaka 1992 na 1993 viongozi wa mkoa waliyaamsha tena maneno yale ya zamani. Huko Likasi na Kolwezi jamaa zenye asili ya Kasai zilitolewa nyumbani mwao, zikakaa majuma na miezi penye vituo vya reli zikingoja gari la moshi, na watoto walikufa humo. Wengi kati yao walizaliwa Katanga na hawakupata kuiona Kasai hata siku moja.

Msidhani jambo hili ni la Afrika tu. Ubelgiji wenyewe, baada ya vita, ulikosa watu wa kushuka katika migodi yake ya makaa, ukawaita Waitalia. Tarehe 8 Agosti 1956 mgodi wa Marcinelle uliwaka moto, wakafa watu 262, na 136 kati yao walikuwa Waitalia.

Maswali ya kujibu pamoja:

1. Kwa nini kampuni iliwaruhusu wafanya kazi kuja na wake zao?
2. Ni sababu zipi mbili zilizowagawanya watu wa mji kabla ya 1960?
3. Waulizeni wazee wa kijiji chenu: babu wa kwanza wa kila ukoo alitoka wapi, na nani alimpa shamba la kulima?