SOMO LETU: KUNENA MBELE YA WASIOKUBALIANA NASI

Wengi wetu huitwa kusema katika halmashauri ya mtaa, katika kikao cha ukoo au katika mkutano wa wazazi. Jambo likiwa jepesi, hatuoni taabu. Likiwa la mabishano, ndipo tunapoharibu. Tujifunze basi namna ya kuandaa na kutoa hotuba ya kushawishi.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Katika miaka ya 1980, tulipokuwa vijana kazini, msichana mmoja alifukuzwa shule kwa sababu ya mimba. Baada ya kujifungua alitamani sana kuendelea kujifunza. Tukaomba nafasi katika mkutano wa wazazi, ili wamchangie ada akajifunze ushonaji mjini. Tulisimama bila maandalizi, tukitegemea hasira yetu. Kabla hata hatujaeleza haja, tukawaita wazee watu wenye mioyo ya mawe. Mzee mmoja akachukua fimbo yake akatoka, na wengine wakamfuata. Hatukupata hata shilingi moja, naye binti akabaki nyumbani. Haja ilikuwa njema. Sisi ndio tulioiua kwa ulimi wetu.

Sasa tumtazame aliyefanya vema zaidi. Tarehe 12 Mei 1789, William Wilberforce, mbunge na Mwanglikana, alisimama katika Bunge la Uingereza akanena kwa muda wa saa tatu na nusu hivi dhidi ya biashara ya kuwavusha watumwa bahari ya Atlantiki. Miongoni mwa waliomsikiliza walikuwamo waliotajirika kwa jasho la watumwa. Tuangalie mambo manne.

Kwanza, ushahidi ulitangulia maneno. Rafiki yake Thomas Clarkson alikwenda Bristol na Liverpool, akawahoji mabaharia na kukusanya pingu zilizotumika melini. Kwa hiyo Wilberforce aliweza kutaja hesabu: si pungufu ya watu 12 katika kila 100 walikufa safarini. Mashahidi wa wafanya biashara walisema kwamba watumwa walicheza ngoma melini. Yeye akaonyesha kwamba walichezeshwa kwa nguvu.

Pili, hakuwanyoshea wenzake kidole. Alisema kwamba hatia ni ya Bunge zima, naye mwenyewe akiwamo. Mtu akisikia "sisi" husikiliza. Akisikia "ninyi" hutafuta fimbo yake.

Tatu, alizitaja hoja za wapinzani wake na kuzijibu. Walisema, tukiacha sisi, Wafaransa wataichukua biashara hii. Akajibu kwamba kwa hoja hiyo mtu angeweza kuhalalisha hata wizi na uuaji, mradi yuko mwingine ambaye angeufanya.

Nne, alivumilia. Bunge liliahirisha jambo lile, na mwaka 1791 alishindwa kwa kura 163 dhidi ya 88. Mwaka 1807 ndipo Bunge lilipokubali, kwa kura 283 dhidi ya 16. Wala tusidhani kwamba aliifanya kazi ile peke yake. Olaudah Equiano, aliyewahi kuwa mtumwa, alitoa kitabu cha maisha yake mwaka ule ule wa 1789, akazunguka nchini humo akikieneza. Huku kwetu biashara ilikawia kukoma: soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na mahali pale pakajengwa Kanisa Kuu la Kristo.

Haya, tulitie somo kazini. Mwezi wa Novemba 2021 Serikali ya Tanzania iliruhusu wanafunzi walioacha shule, hata kwa ajili ya mimba, warudi masomoni. Lakini ruhusa haimalizi ubishi wa nyumbani. Tuseme umeombwa kuzungumza na wazazi wanaokataa. Fanya hivi:

(a) Andika kwa sentensi moja unalotaka watende. "Wapende elimu" haitoshi. "Wamrudishe binti yao shuleni muhula ujao" inatosha.

(b) Andika hofu zao kwa haki, kama wangeziandika wao: wengine wataiga, mtoto mchanga atalelewa na nani, fedha itatoka wapi. Usipoweza kuzieleza mpaka mwenyewe aseme, "Ndivyo hasa," hujawa tayari kuzijibu.

(c) Tafuta jibu la kweli kwa kila hofu. Kama bibi yuko tayari kulea, nenda kwake kwanza ukamwulize. Usiahidi kwa niaba ya mtu.

(d) Panga hivi: salamu na heshima kwa wazee, lile mnalokubaliana, hofu na majibu, mwisho, ombi lako.

(e) Jizoeze kwa sauti, umwombe mtu wa nyumbani akupinge. Chukua kikaratasi cha vichwa vya maneno tu. Dakika kumi zatosha. Sema polepole, watazame watu, na ukiulizwa usilolijua, kiri hulijui.

Kama tungerudi katika mkutano ule leo, tungeanza hivi: "Wazee wetu, shikamooni. Binti huyu ni wetu, na aibu iliyompata ni yetu sote. Tunaomba tusaidiane, asibaki bila kazi mikononi." Huenda yule mzee angekaa. Hatuna hakika, lakini hatukumpa nafasi.

MASWALI YA KUJADILI
1. Soma Matendo 17:22–34. Paulo alianzia wapi na watu wa Athene? Je, wote walikubali?
2. Chagua jambo moja linalobishaniwa mtaani kwenu. Andika hofu tatu za wale usiokubaliana nao, kisha uwasomee. Wanasemaje?