Mstari mmoja hautoshi: namna ya kusoma Biblia na kuitumikisha katika maisha ya leo



Sisi wa kalasi ya mwisho tuko karibu na mtihani wa Serikali. Mtihani ule ulianza katika inchi yetu mwaka 1967, na kwa kupata diplome ya sekondari ni sherti kuupita. Ndiyo maana woga uko mwingi katika internati, na tena Biblia zinafunguliwa kuliko siku zingine. Ni vizuri. Lakini tunazifungua namna gani? Ile ndiyo neno ninataka tujifunze pamoja.

1. Mstari uko na nyumba yake

Mwaka uliopita, mimi mwenyewe niliandika "Wafilipi 4:13" juu ya gamba la kaye yangu ya fizike. Pale mtume Paulo anasema kwamba anaweza yote kwa nguvu ya yule anayemtia nguvu. Nikasema moyoni: basi, fizike nayo iko kati ya yote. Saa ya masomo ya jioni nililala. Nilipata 7 kwa 20, na nilimkasirikia Mungu siku tatu nzima.

Nyuma yake mwalimu wetu wa dini aliniuliza neno moja tu: "Na mstari wa 11 na wa 12, ulisoma?" Hapana, sikusoma. Tulisoma pamoja. Kumbe Paulo alikuwa amefungwa. Anashukuru kanisa la Filipi, kule Makedonia, juu ya msaada waliomtumia kwa mkono wa Epafrodito. Anasema amejifunza kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Yale ndiyo mambo yote anayoyaweza: kuvumilia siku ya bugari na siku ya njaa bila kumwacha Kristo. Hakusema kwamba mwenye kulala atapata pwe.

Tukumbuke hii pia. Paulo hakuandika hesabu za mistari. Hesabu tunazotumikisha katika Agano Jipya zilitiwa na mpiga chapa mmoja Mfaransa, Robert Estienne, mwaka 1551. Hesabu ile ni kama namba ya nyumba katika avenue: inakusaidia kufika mlangoni, lakini mwenye nyumba hujamjua mpaka uingie.

2. Hata Shetani alijua mstari

Soma Matayo 4:5-7. Shetani anamsimamisha Yesu juu ya hekalu na kumwambia ajitupe chini. Anamtolea Zaburi 91, pale inaposema kwamba malaika watamchukua mtu wa Mungu mikononi. Mstari ule ni wa kweli, haikuwa uongo. Lakini Shetani alitaka kuutumikisha kwa kazi isiyokuwa yake. Yesu akamjibu kwa mstari mwingine, Kumbukumbu la Torati 6:16, unaokataza kumjaribu Mungu.

Wapenzi, nilipoacha fizike na kungojea muujiza, mimi pia niliruka toka juu ya hekalu. Kuomba ni vizuri sana. Lakini ombi la mtu aliyekataa kufungua kaye ni kumjaribu Mungu.

3. Wazalishaji wa Misri na pesa ya majibu

Sasa ninafika pa magumu. Mwaka huu marafiki zangu wamoja walinifikia usiku. Walisema kuko mtu anayeuza majibu ya mtihani, yatapita katika simu, na kila mtu atoe pesa. Sababu niko kapita, walitaka mimi ndiye niikusanye. Nilipokataa, mmoja aliye na Biblia nzuri kuniliko alinionyesha Kutoka 1:15-21. Akasema: "Kapita, angalia. Shifra na Pua walimdanganya Farao, na Mungu aliwatendea mema. Sisi vilevile, Serikali haitutendei vizuri."

Sikukuwa na jibu. Niliomba anipe siku moja. Nilisoma sura yote ya kwanza, mara mbili, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Nikaona hivi: Farao aliamuru watoto wanaume wa Waebrania wauawe. Wale wanawake wawili walimwogopa Mungu na wakahatarisha maisha yao kwa kuokoa watoto wa wengine. Sisi tunataka kuokoa nani? Ni pwe zetu sisi wenyewe. Na anayepata hasara ni nani? Ni mwenzetu aliyekesha na kaye, ambaye baba yake hana franka ya kununua majibu. Na kesho ni mgonjwa atakayetibiwa na munganga aliyenunua diplome yake. Mfano wa wazalishaji haututetei hata kidogo, unatuhukumu.

Nilirudisha jibu lile. Wawili walinielewa. Wengine mpaka leo hawaniamkii, na mmoja kati yao tulikuwa tunakula sahani moja toka mwaka wa kwanza. Ile inaniuma. Tena sijui kama nitapita mtihani. Lakini ninataka kuingia mule na mikono mitupu.

4. Maulizo matatu ya kubeba

Biblia haitaji simu, wala mtihani wa Serikali. Lakini haituachi bila njia. Mbele ya kutumikisha mstari katika jambo la leo, tujiulize:

a) Nani anasema, kwa nani, na juu ya nini? Soma sura nzima, hapana mstari peke yake.

b) Mistari mingine inasema nini juu ya jambo lile? Yesu mwenyewe alifanya hivi mbele ya Shetani.

c) Nikifuata maana hii, nani atapata faida na nani ataumia? Kama faida ni yangu peke yangu na jirani ndiye anayelipa, pengine nimesoma tamaa yangu, sikusoma Neno.

Na ukishindwa, usione haya kuuliza. Katika Matendo 8, yule mkubwa wa Etiopia, mwenye kulinda hazina ya malkia, alikuwa akisoma Isaya ndani ya gari lake. Filipo alipomuuliza kama anaelewa, hakujifanya mwenye akili. Alisema anahitaji mtu wa kumwongoza, na akampandisha Filipo akae karibu naye. Ikiwa mkubwa vile aliuliza, sisi wa internati ni nani?

Kwa kujadili katika vikundi siku ya Posho: someni Wafilipi 4:10-20 yote. Ni mstari gani mwingine tunaoupenda sana bila kuingia ndani ya nyumba yake?

Muniombee, nami nitawaombea, kisha tufungue kaye.

Ni mimi ndugu yenu, kapita wa internati, kalasi ya mwisho.