Kidonda cha Mguu kwa Mwenye Kisukari: Kazi ya Bandeji za Kisasa na Mipaka Yake

Mtu mwenye kisukari anaweza kukanyaga msumari asubuhi na kutembea nao ndani ya kiatu hadi jioni bila kujua. Anapovua soksi na kuona damu, bado hahisi maumivu, na kwa sababu hiyo haendi hospitalini. Vidonda vingi vinavyoishia kwa mguu kukatwa huanza hivyo: kidonda kidogo kisichouma.

Siku hizi zipo bandeji zilizotengenezwa kwa mwani, kwa magamba ya kamba na hata kwa chembe hai za ngozi ya binadamu. Mgonjwa na jamaa zake wanafaa kujua zinafanya nini, na zisichoweza kufanya.

Kwa nini kidonda hakifungi

Kidonda cha kawaida hupona kwa hatua. Damu huganda, chembe nyeupe za damu husafisha uchafu na viini, nyama mpya huota kutoka chini, kisha ngozi hufunika. Kwa mwenye kisukari, hatua hizi hukwama. Sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi huharibu neva, na mguu hufa ganzi. Mishipa ya damu nayo huziba polepole, hivyo oksijeni haifiki ya kutosha. Chembe nyeupe hudhoofika, na viini hupata nafasi. Vimeng'enya ambavyo vingesafisha kidonda kwa siku chache hubaki humo kwa majuma, vikila hata nyama mpya inayojaribu kuota.

Kukausha si kuponya

Wengi wamelelewa wakiambiwa kidonda kiachwe wazi kipigwe na upepo. Mwaka wa 1962, mtafiti George Winter wa Uingereza alionyesha, kwa majaribio ya nguruwe, kwamba ngozi ya kidonda kilichofunikwa na kuhifadhiwa unyevu huota haraka karibu mara mbili kuliko ya kile kilichoachwa kikauke. Bandeji nyingi za kisasa zimejengwa juu ya ugunduzi huo: kidonda kisikauke, na pia kisilowe. Hata hivyo, kidole kilichokwisha kuwa cheusi na kikavu hakilowanishwi. Hicho ni cha kuonwa na daktari mara moja.

Bandeji hizo ni zipi

Hidrojeli ni maji mengi yaliyoshikwa na utando laini. Hutumika kwa kidonda kikavu.

Alginati hutoka katika mwani wa kahawia. Hunyonya majimaji ya kidonda na kugeuka kama uji mzito. Mwani unaolimwa Kibuyuni, Kaunti ya Kwale, ni wa aina nyingine, na mwani wowote mbichi haufai kuwekwa juu ya kidonda.

Sponji za tiba nazo hunyonya majimaji mengi na kulinda kidonda kisigongwe.

Kolajeni ni protini itolewayo kwenye ngozi au kano za wanyama kama ng'ombe. Huwa kama jukwaa ambalo chembe mpya hupanda.

Kaitosani hutengenezwa kwa magamba ya kamba na kaa. Husaidia damu kuganda na kupunguza viini.

Asali ya tiba huuliwa viini kwa mionzi. Asali ya jikoni haijapitia hatua hiyo, na huweza kubeba viini vilivyolala.

Ngozi ya maabara hukuzwa kwa chembe hai za binadamu. Mojawapo, Apligraf, iliidhinishwa Marekani kwa vidonda vya miguu ya wenye kisukari mwaka wa 2000. Bei yake ni ghali mno.

Mipaka yake

Mwaka wa 2023, jopo la kimataifa la wataalamu wa mguu wa kisukari lilitoa mwongozo ambao huenda ukawashangaza wengi. Lilishauri kwamba alginati, kolajeni na asali zisichaguliwe kwa matumaini ya kuharakisha kupona, kwa kuwa ushahidi hautoshi. Bandeji ichaguliwe kulingana na majimaji ya kidonda, starehe ya mgonjwa na gharama.

Bandeji chache zimeonyesha matokeo bora. Moja ina dawa iitwayo sukrosi oktasalfeti, ambayo huzuia vile vimeng'enya vinavyokula nyama mpya. Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2018, uliohusisha wagonjwa 240 katika nchi 5 za Ulaya, wagonjwa 48 kati ya kila 100 walioitumia walikuwa wamepona baada ya wiki 20, ikilinganishwa na 30 kati ya 100 waliovaa bandeji kama hiyo isiyo na dawa. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini hata kwa bandeji hiyo, zaidi ya nusu walikuwa bado na kidonda.

Kwa hivyo familia isiuze mbuzi au shamba kununua bandeji ya bei ghali kabla ya mambo haya manne kufanywa: sukari idhibitiwe, nyama iliyokufa iondolewe na mhudumu aliyefunzwa, viini vitibiwe na mtiririko wa damu upimwe, na mguu upumzishwe. Hilo la mwisho ndilo husahaulika zaidi. Hakuna bandeji iwezayo kuponya kidonda kinachokanyagwa kila siku. Kwa kidonda cha wayo, plasta ngumu inayofika chini ya goti, ambayo mgonjwa hawezi kuivua mwenyewe, ni miongoni mwa tiba zenye ushahidi thabiti.

La kufanya nyumbani

Miguu ikaguliwe kila siku, pamoja na wayo na katikati ya vidole. Asiyeona vizuri asaidiwe na mtu wa nyumbani au atumie kioo. Kiatu kikung'utwe kabla ya kuvaliwa, na mtu asitembee peku, hata ndani ya nyumba.

Miguu isichovywe katika maji moto yenye chumvi. Mguu wenye ganzi huungua bila mwenyewe kuhisi. Kidonda kisipakwe spiriti, dawa ya meno, majivu wala unga wa vidonge. Kioshwe kwa maji safi, kifunikwe kwa shashi safi, na mgonjwa afike kituo cha afya siku hiyo au kesho yake.

Ukubwa wa kidonda upimwe na kuandikwa kila juma. Kikitibiwa vizuri kwa wiki 4 na kisipungue kwa karibu nusu, mgonjwa aombe kuchunguzwa upya, kwani huenda damu haifiki au mfupa umeambukizwa.

Mguu ukivimba, ukipata joto, ukitoa usaha au harufu, ngozi ikibadilika rangi au mgonjwa akipata homa, asingoje tarehe ya kliniki. Aende hospitalini siku hiyo hiyo.

Na katika kila ziara ya kawaida ya kliniki ya kisukari, mgonjwa avue viatu vyote viwili na soksi, bila kungoja kuambiwa.