Zoezi la Tumbo Peke Yake Haliondoi Kitambi

Leo tunasoma habari ya kitambi. Kitambi ni mafuta yaliyojaa tumboni na kiunoni. Zamani mtu mwenye kitambi alihesabiwa kuwa ameneemeka. Watu walimwona wakasema, "Mambo yake mazuri huyo." Siku hizi wengi wanataka kukiondoa, na wanauliza: Nifanye zoezi gani? Niende jimu Mbeya? Ninunue ule mkanda wa kubana tumbo?

Jimu ni ukumbi wa mazoezi wenye vyuma na mashine. Mtu wa Tukuyu akitaka kwenda jimu ya Mbeya atalipa nauli, atalipa na ada, na siku yake ya kazi itapotea. Kwa hiyo swali hili si la mchezo. Mtu akichagua vibaya, fedha inakwenda na kitambi kinabaki.

KITAMBI NA MAGONJWA

Mwaka 1973 nchi yetu ilikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Adui wa wakati ule walikuwa malaria, minyoo, kuhara, kichocho na kifua kikuu. Adui hao hawajaisha. Lakini wameongezeka wengine ambao hawaletwi na mbu wala maji machafu: kisukari, shinikizo la damu na ugonjwa wa moyo.

Tumboni mna mafuta ya namna mbili. Yako yaliyo chini ya ngozi. Hayo unaweza kuyashika kwa vidole. Yako mengine yamejificha ndani, yamezunguka ini na utumbo. Haya ya ndani ndiyo mabaya zaidi. Yanaufanya mwili ushindwe kutumia sukari vizuri, na yanachangia kupandisha shinikizo la damu. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kuwa na kilo sawasawa, lakini yule mwenye tumbo kubwa akawa katika hatari zaidi.

MAFUTA HAYATOKI PALE UNAPOPATAKA

Watu wengi wanafikiri hivi: mafuta yako tumboni, basi nitalifanyisha tumbo kazi, na mafuta yatatoka hapo. Wanalala chali, wanainua kifua na kurudi chini, mara mia moja kila asubuhi. Jasho linatoka kweli kweli. Lakini je, kitambi kinatoka?

Wataalamu wa Marekani walilijaribu jambo hili. Katika utafiti uliotolewa mwaka 1984, wanaume 13 walifanya zoezi hilo la kulala na kuinuka kwa siku 27. Kila mmoja aliinuka zaidi ya mara 5,000. Kabla na baada ya siku hizo walipimwa mafuta ya tumboni, mgongoni na matakoni. Matokeo yake? Mafuta ya tumboni hayakupungua kuliko ya mgongoni au ya matakoni. Na uzito wao ulibaki palepale. Mara elfu tano!

Kabla ya hapo, mwaka 1971, wengine walipima mikono ya wachezaji wa tenisi. Mchezaji wa tenisi anapiga mpira kwa mkono mmoja, miaka na miaka. Mkono huo una misuli minene kuliko mwenzake. Lakini mafuta ya chini ya ngozi yalikuwa sawa katika mikono yote miwili.

Sababu yake si ngumu. Msuli ni kitu kimoja na mafuta ni kitu kingine. Msuli ukifanya kazi, hauchukui mafuta ya jirani yake tu. Mwili unayatoa mafuta kidogo kidogo kutoka ghala zake zote, unayatia katika damu, na damu inayapeleka penye kazi. Fikiri pipa la maji. Unaweza kuchota upande wa kulia tu, lakini maji yatashuka pande zote.

Zoezi la tumbo lina faida yake. Linaimarisha misuli ya tumbo, na mtu anayeinama shambani anaihitaji misuli hiyo. Lakini msuli huo mgumu utakaa chini ya mafuta, nawe hutauona.

Na ule mkanda je? Mkanda unatoa jasho, na jasho ni maji. Ukinywa maji, uzito unarudi. Dawa za "kusafisha tumbo" zinazouzwa sokoni ni mbaya zaidi. Nyingi zinaharisha tu, na mtu anaweza kupungukiwa maji mwilini. Usinunue.

CHAGUA ZOEZI LA MIGUU

Kama mafuta yanatoka katika ghala zote, basi tuchague kazi inayotumia mafuta mengi. Misuli mikubwa kabisa ya mwili iko mapajani na matakoni. Kwa hiyo zoezi zuri la kitambi ni lile la miguu: kutembea kwa kasi, kupanda mlima, kukimbia polepole, kuruka kamba, kucheza mpira, kucheza ngoma.

Sisi wa Rungwe tumebahatika. Watu wa mjini wanalipa fedha wapandie mashine inayofanana na mlima. Huku ukitoka mlangoni tu unapanda au unashuka. Tatizo letu ni bodaboda. Zamani mtu alitembea kwenda sokoni, kanisani, kliniki na mashineni. Leo hata umbali wa kutupa jiwe, "Kaka, nipeleke." Na kaka mwenyewe wa bodaboda anakaa juu ya pikipiki kutwa nzima. Naye kitambi kinamwota angali kijana.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linasema mtu mzima afanye mazoezi ya kiasi kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Hebu tupige hesabu: dakika 30 kwa siku, mara siku 5, ni dakika 150. Nusu saa tu. Utajuaje kwamba mwendo unatosha? Ukiwa unaweza kuzungumza na mwenzako lakini huwezi kuimba, mwendo huo ni mzuri.

Wewe unayelima kwa jembe, unayechuma chai au unayepandisha ndizi kichwani, hayo ni mazoezi tayari. Usiongezewe kazi bure. Somo hili linawahusu zaidi wenye maduka, mafundi cherehani, madereva, walimu na watu wa ofisini. Kama una kitambi na unalima kila siku, tafuta sababu katika chakula na vinywaji. Tutafika huko.

Na mvua? Tukuyu mvua tunaijua. Siku ya mvua kaa juu ya kigoda kisha usimame, ukae tena usimame, bila kujishika kwa mikono. Fanya mara 10, pumzika, rudia mara mbili. Au jiegemeze ukutani kwa viganja, ukunje viwiko na kuvinyoosha. Mwongozo ule ule unasema mazoezi ya kukaza misuli yafanywe walau siku 2 kwa wiki. Mwenye uwezo wa kwenda jimu aende, hakuna ubaya. Ila akifika asikimbilie mashine ya tumbo peke yake. Aanze na mazoezi ya miguu, kisha ainue vyuma vya kiasi.

Liko jambo moja linalowazuia wengi, nalo halisemwi waziwazi. Ni maneno ya watu. Mkoa wetu wa Mbeya uliumizwa sana na UKIMWI, na tangu wakati huo mtu akipungua, watu wananong'ona: "Huyu anaumwa." Mama akianza kupungua tumbo, shoga zake wanamwonea huruma. Basi anaona afadhali abaki na kitambi chake. Wengine wanaona aibu kuonekana wakikimbia barabarani. Dawa ya maneno hayo ni kwenda kwa kikundi. Wanawake sita wakitembea pamoja jioni, nani atawacheka? Desemba 2016 Mama Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya nchi nzima ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa kazi hiyo. Viongozi walionekana hadharani wakitembea na kukimbia. Sisi tuone aibu ya nini?

SUFURIA NA KIKOMBE

Hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Nguvu iliyomo katika chakula inapimwa kwa kalori. Mtu wa kilo 70 akitembea kwa kasi saa nzima anatumia kalori kama 300. Chupa moja ya bia ya nusu lita ina kalori kama 200. Sasa, mtu ametembea saa nzima, amepata kiu, akapita kilabuni akanywa chupa mbili. Hizo ni kalori 400. Amerudi nyumbani na ziada.

Tuje kwenye chai, maana chai ni yetu. Chai yenyewe haina neno. Sukari ndiyo yenye maneno. Vijiko 3 kwa kikombe, vikombe 4 kwa siku, ni vijiko 12. Kijiko kidogo kina gramu 4 hivi, basi ni gramu 48 kwa siku. Kwa siku 30 ni gramu 1,440. Karibu kilo moja na nusu kwa mtu mmoja, kwa chai tu, bila maandazi na bila soda! Soda moja ina vijiko vipatavyo 9.

Sisemi mtu aache mbalaga. Ndizi, maharage, mboga za majani, maziwa na samaki ni chakula chema. Punguza mafuta unayomimina sufuriani, maana kijiko kimoja kikubwa kina kalori 120. Parachichi lina mafuta mazuri, lakini nusu yake inatosha kwa mlo mmoja. Ukipungua nusu kilo kwa wiki, huo ni mwendo mzuri. Usijinyime chakula kabisa, utarudia kula maradufu.

PIMA KWA KAMBA

Huna haja ya mzani. Chukua kamba, simama wima, mwenzako akupime kutoka unyayo hadi utosi. Ikate hapo. Ikunje katikati, kisha jizungushie tumboni, kati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga. Pumua nje bila kujibana. Ncha zikikutana na kupita, vizuri. Zisipofikana, kitambi kimefika mahali pa hatari. Kipimo hiki, kwamba kiuno kiwe chini ya nusu ya urefu, kilipitishwa Uingereza mwaka 2022 katika miongozo ya afya. Hakimfai mama mjamzito.

Tena angalia: si kila tumbo kubwa ni kitambi. Kama tumbo linakua huku mikono na miguu inakonda, au ni gumu upande mmoja, au linauma, au miguu inavimba, usifanye mazoezi ya kuliondoa. Huenda ni maji, bandama au uvimbe. Nenda zahanati, au hospitali kama Makandana au Igogwe. Mama aliyejifungua karibuni aulize kliniki kabla ya kuanza mazoezi ya tumbo. Mwenye shinikizo la damu au maumivu ya kifua naye apimwe kwanza.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Kwa nini mafuta ya mkono wa mchezaji wa tenisi hayakupungua?
2. Katika kijiji chenu, ni safari zipi za bodaboda ambazo mngeweza kutembea kwa miguu?
3. Andika: nyumbani kwako watu wangapi wanakunywa chai, na kila mmoja anatia vijiko vingapi? Kila mtu akipunguza hadi kijiko 1, mtaokoa gramu ngapi za sukari kwa mwezi? Angalia bei ya kilo dukani, ukamilishe hesabu.