"Mimi" ya Seva: Kutopatana kwa Majina katika Klasta ya Hifadhidata

Utangulizi

Makala haya yanachunguza hitilafu moja ambayo huwasumbua mno wasimamizi wa hifadhidata zilizosambazwa katika tarakilishi nyingi, nayo ni ya seva moja kujulikana kwa majina yasiyopatana. Huenda msomaji wa jarida hili akauliza jambo hili linahusiana vipi na Kiswahili. Jibu letu ni kwamba, kabla ya kuwa ya kiufundi, hitilafu hii ni ya kisemantiki. Inahusu jina, kirejelewa chake, na msikilizaji asiyekuwa mahali alipo msemaji. Aidha, yeyote atakayetunza kongoo ya Kiswahili ya mamilioni ya maneno katika seva kadhaa hana budi kukabiliana nayo siku moja, na pengine atakuwa ni mwanaisimu asiye na fundi karibu.

Jina na anwani

Kila tarakilishi katika mtandao ina anwani ya nambari, mathalani 10.0.0.12. Kwa kuwa binadamu hashiki nambari kwa urahisi, tarakilishi hiyo hupewa pia jina, tuseme seva2. Katika enzi za ARPANET, majina yote yaliorodheshwa katika faili moja, HOSTS.TXT, iliyotunzwa na taasisi ya SRI kule California. Mtandao ulipokua, orodha hiyo ikaelemewa, na mwaka wa 1983 Paul Mockapetris akabuni mfumo wa DNS, ambao hugawa mamlaka ya kutoa majina kwa seva nyingi badala ya kuyarundika mahali pamoja.

Hata hivyo, orodha ya kale haikufa kabisa. Kila tarakilishi ya Linux ingali na daftari lake dogo, /etc/hosts, na aghalabu hulisoma hilo kwanza kabla ya kuuliza DNS. Hapa ndipo penye chanzo cha taabu. Swali "seva2 ni nani?" laweza kupata jibu moja kwenye mashine hii na jibu jingine kwenye mashine ya pili, na kila moja ikawa na yakini kuwa imejibu sawasawa.

Kuhusu istilahi, tafsiri sisisi "jina la mwenyeji" haituridhishi. Mwenyeji katika Kiswahili humwita mgeni. Palipo na mmoja lazima mwingine awepo. Seva inayozungumza na seva nyenzake haina mgeni wala mwenyeji. Tutatumia "jina la seva", nao wenye istilahi bora na wazilete.

Mfano wa HBase

Tuchukulie kwamba kongoo imehifadhiwa katika HBase, hifadhidata iliyojengwa kwa kufuata muundo wa Bigtable ambao watafiti wa Google waliueleza mwaka wa 2006. Jedwali kubwa hukatwa vipande, na kila kipande huhudumiwa na seva moja. Ipo seva kuu inayogawa vipande, na ipo programu ya ZooKeeper inayojua mahali pa kuanzia kutafuta. Taarifa ya nani anahudumia kipande kipi huandikwa katika jedwali maalumu. Linaloandikwa humo ni jina la seva, poti yake na wakati ilipoanza kazi. Anwani ya nambari haiandikwi. Programu ya mtumiaji inapotaka neno fulani, hupewa jina hilo, kisha hulitafutia anwani yenyewe, papo hapo ilipo.

Sasa tazama daftari la /etc/hosts katika seva2. Mara nyingi aliyeiandaa mashine, au programu ya usakinishaji yenyewe, huwa ameandika kwamba 127.0.0.1 ni localhost na pia ni seva2. Debian na Ubuntu huwa na desturi inayokaribiana na hiyo: hulipa jina la mashine anwani 127.0.1.1. Anwani hizi si za mahali popote mtandaoni. Kila mashine huzitumia kujirejelea yenyewe. Seva2 ikijiuliza jina lake, inapata 127.0.0.1, ikiigeuza anwani hiyo kuwa jina, inapata localhost. Katika matoleo ya zamani ya HBase hasa, seva huweza kujiandikisha kwa jina hilo hilo. Mtumiaji aliye kwenye mashine nyingine akiuliza kipande kiko wapi, huambiwa kiko localhost. Naye hujigeukia mwenyewe, akabisha hodi nyumbani kwake, asimkute mtu.

Usemi halisi usiogeuzwa

Wanafunzi wa Kiswahili wamelifanya zoezi hili tangu shule ya msingi. "Nipo hapa," Amina alisema. Katika usemi wa taarifa tunaandika: Amina alisema kwamba alikuwa pale. Nafsi hubadilika, kielezi cha mahali hubadilika, kwa sababu msemaji mpya hayupo aliposimama Amina. Mjumbe akifika kijiji cha pili na kutangaza "Nipo hapa" bila kuigeuza kauli, wanaomsikia watamtafuta Amina miongoni mwao.

Localhost ni neno la aina hiyo. Umbo lake ni la nomino ya pekee, lakini kiuamilifu ni kiwakilishi cha nafsi ya kwanza. Maana yake hutegemea anayelitamka. Katika anwani, kundi zima linaloanza na 127 limetengwa kwa kazi hii. Ni anwani 16,777,216, na zote maana yake ni "mimi". (Hatujui lugha ya binadamu iliyojaaliwa utajiri wa viwakilishi kiasi hicho.) Kosa la klasta yetu basi ni la kuchukua kiwakilishi na kukiandika katika rejista ya umma kana kwamba ni jina la mtu. Ndani ya seva2 taarifa ile ni kweli tupu. Ikivuka mpaka wa mashine inakuwa uongo, ijapokuwa hakuna herufi iliyobadilika.

Kulitafuta kosa

Dalili ya kwanza ni ya kutatanisha: jedwali limo katika orodha, seva zote zinaonekana hai, lakini kusoma hakuendelei. Jambo la hatari zaidi hutokea saa hiyo. Msimamizi, akiamini data imepotea, hushawishika kufuta kila kitu na kuanza upya. Data haijapotea. Imo katika mfumo wa faili wa HDFS, salama. Kilichopotea ni njia ya kuifikia. Akiuandaa upya mfumo huo kwa amri ya kuuformati, hapo ndipo atakuwa ameipoteza kweli, kwa maana atafuta faharasa inayojua kila faili imegawanywa wapi. Kongoo iliyokusanywa kwa miaka ikaisha kwa sababu ya mstari mmoja wa daftari!

Njia iliyo salama ni kuuliza maswali yale yale katika kila mashine na kulinganisha majibu. Kwanza, mashine yenyewe inajiitaje? Amri hostname na hostname -f hutoa jina fupi na jina kamili. Pili, jina hilo linaelekeza kwenye anwani gani? Hapa tunapendekeza amri getent hosts seva2, wala si dig. Dig huenda moja kwa moja kwa DNS na kulipuuza daftari la /etc/hosts; kwa hivyo yaweza kukupa jibu safi huku programu zako zikiendelea kusoma jibu chafu. Tatu, anwani ikigeuzwa inarudi kuwa jina lile lile? DNS huwa na rejista mbili, ya jina kwenda anwani na ya anwani kwenda jina, na hii ya pili huandikwa kinyumenyume: 10.0.0.12 hutafutwa kama 12.0.0.10.in-addr.arpa. Mara nyingi rejista hizi hutunzwa na watu tofauti, na ile ya pili ndiyo husahauliwa. HBase nayo ina desturi ya seva kuu kuitazama anwani ya seva inayojiandikisha, kuigeuza kuwa jina, na kuiambia seva hiyo itumie jina hilo. Zikihitilafiana, kumbukumbu za seva husema wazi kwamba imepewa jina tofauti. Sentensi hiyo isipuuzwe.

Hitilafu ndogo ndogo ni nyingi. Kwa binadamu, seva2 na seva2.kongoo.lan ni kama jina la mtu na jina lake pamoja na la ukoo. Programu inayolinganisha herufi kwa herufi huona watu wawili, na yaweza kumhesabu mmoja kuwa hai na wa pili kuwa amefariki. Kistari cha chini hakikubaliki katika jina la seva kwa kanuni zilizowekwa tangu 1985, na programu za Java hukwama zikikutana nacho. Kistari cha kati hakina neno. Herufi kubwa na ndogo ni sawa mbele ya DNS, lakini si mbele ya kila programu.

Tiba yenyewe ni fupi. Katika kila mashine, 127.0.0.1 iachiwe localhost peke yake. Kila seva iandikwe kwa anwani yake halisi, jina kamili likitangulia na fupi likifuata, na mistari hiyo iwe ile ile kila mahali. Kisha huduma ziwashwe upya, kwani Java huhifadhi majibu ya majina kwa muda, na mchakato ulioanza na jina baya hautalibadilisha wenyewe. Kwa kuwa rejista ya HBase hutaja pia wakati seva ilipoanza, seva2 iliyowashwa upya haitachanganywa na ile ya awali. Ingizo la zamani litaondolewa muda wake ukiisha katika ZooKeeper, na vipande vitagawiwa tena. Hapo swali la kwanza kwa kongoo liulizwe kutoka mashine ya nje, si kutoka seva2, kwa sababu seva2 ilikuwa ikijibu vyema hata kabla ya tiba.