Kuongoza Kengele kwa Mwanga Usioonekana

Mwaka 1955 kampuni ya Zenith ya Marekani ilianza kuuza televisheni iliyoongozwa kwa kurunzi. Mhandisi Eugene Polley aliweka seli nne za kuhisi mwanga, moja katika kila pembe ya kioo. Ilipomulikwa mojawapo, televisheni iliwaka, ilinyamaza au ilibadili stesheni. Kasoro ilidhihirika jua lilipoingia chumbani: seli hazikuweza kulitofautisha na kurunzi, na chombo kikajiendesha chenyewe.

Kasoro hiyo ndiyo hasa mwanzo wa somo hili, kwani sehemu kubwa ya mwanga wa jua unaoingia darasani ni miale ya infraredi, ambayo jicho haliioni. Mwanafunzi atakayeiwasha dayodi ya infraredi kwa betri tu na kutaraji kipokezi kiitambue atakuwa amelirudia kosa la 1955. Dawa yake ni kuupa mwanga alama. Dayodi huwashwa na kuzimwa mara 38,000 kwa sekunde, nacho kipokezi hujengwa ili kijali mpwito huo peke yake. Jua halipwiti, balbu ya kawaida hupwita mara 100 tu. (Taa ndogo za flurosenti zenye sakiti ya kielektroniki ndizo za kuangaliwa, kwa kuwa baadhi yake hupwita karibu na kiwango hicho.)

Chipu ya 555, iliyoanza kuuzwa mwaka 1972 na ingali ya bei nafuu, yatosha kuutengeneza mpwito. Kikinzani R1 huunganishwa baina ya chanya ya betri na mguu wa 7, na R2 baina ya mguu wa 7 na wa 6. Miguu ya 2 na 6 huunganishwa pamoja, kisha kapasita C hutoka hapo hadi hasi. Idadi ya mipwito kwa sekunde ni 1.44 ikigawanywa kwa C(R1 + 2R2). Tukichukua C ya nanofaradi 1, R1 ya kiloomu 1 na R2 ya kiloomu 18.5, jawabu ni takribani 37,900. Kwa kuwa vipuri vya dukani havina usahihi kamili, R2 ifanywe kwa kiloomu 15 zikifuatana na kikinzani cha kurekebishwa cha kiloomu 5. Dayodi huungwa mguu wa 3 kupitia omu 100. Kwa betri ya volti 9 itapata kiasi cha miliampea 60 kila iwakapo.

Wengi huishia hapo, na jaribio huwavunja moyo: kipokezi huitika kitambo kidogo, halafu kikanyamaza. Hakijaharibika. Vipokezi vingi vya miguu mitatu huuchukulia mpwito usiokatika kuwa ni makelele, navyo hupunguza usikivu wake. Basi mpwito na utumwe kwa vipande. Chipu ya 555 ya pili, iliyoungwa vivyo hivyo kwa kiloomu 1, kiloomu 10 na kapasita ya mikrofaradi 0.1, huruhusu mwanga kwa milisekunde 0.76 na kuuzuia kwa milisekunde 0.69, mguu wake wa 3 hupelekwa kwenye mguu wa 4 wa chipu ya kwanza.

Upande wa kupokea, chaja ya simu ya volti 5 hutoa umeme wa kutosha. Mpangilio wa miguu ya kipokezi hutofautiana kwa kila mtengenezaji, hivyo maelezo yake yasomwe kabla ya kuunga. Mguu wa tokeo huwa juu wakati wa kimya na hushuka mwanga ufikapo; mshuko huo ndio unaouamsha mguu wa 2 wa 555 ya tatu. Miguu yake ya 6 na 7 ikiunganishwa pamoja, ikapata kiloomu 470 kutoka chanya na mikrofaradi 10 kwenda hasi, na mguu wa 4 ukiungwa chanya, tokeo litabaki juu kwa sekunde 5 hivi. Kutoka hapo, kiloomu 1 huendesha transista, transista huvuta rilei, na rilei hulia kengele ya betri. Dayodi iwekwe kinyume sambamba na koili ya rilei, la sivyo transista itaungua. Umeme wa ukutani usiguswe kabisa katika zoezi hili.

Mwanga wa dayodi waweza kuonekana kupitia kamera ya simu. Shule isiyo na osiloskopu itaupata mpwito ulio sahihi kwa miguu: mwanafunzi mmoja arudi nyuma hatua kwa hatua huku mwenzake akizungusha kikinzani cha kurekebishwa, na kiachwe pale ambapo kengele inalia kutoka mbali kupita pote.